Kiberiti cha marehemu baba kilivyonitolea tairi kwenye rimu siku ya send-off

Wakuu, heshima kwenu wote, pamoja na nyie mnaosomaga kimyakimya bila kuchangia.

Hii stori mama ameniruhusu niiandike kwa sharti moja, nisiongeze chumvi. Na yeye atasomewa, kwa hiyo siwezi kuthubutu.

Iko hivi. Marehemu baba alituachia pickup ya zamani, four-wheel, matairi makubwa ya matope. Alikuwa anabebea mbao huko kwetu Songea, na alipohamia Bunju akaja nayo. Sie watoto tumekulia nyuma ya hiyo gari.

Baba hakuwahi kumiliki geji ya upepo. Akifika kwenye matope alikuwaga anapunguza upepo ili tairi likanyage kwa upana lisizame, na kipimo chake kilikuwa kiberiti.

Anakisimamisha chini, ubavuni mwa tairi. Anabonyeza valvu, pssss, tumbo la tairi linashuka taratibu. Likigusa kichwa cha kiberiti, basi, pandeni twende.

Mie ndiye nilikuwaga nakishika. Acheni tu wakuu, harufu ya ule upepo wa tairi kuukuu naisikia mpaka leo.

Kwa mgeni wa haya mambo: upepo ukipungua sana, tairi halibani vizuri kwenye rimu. Ukikata kona, kingo yake inachomoka na upepo wote unaisha hapohapo.

Sasa ikafika send-off ya mdogo wetu wa kike. Ukumbi uko Manzese. Mvua imepiga usiku kucha, barabara ya kwetu huko ndani imekuwa uji.

Shemeji, mume wa dada mkubwa, akasema atamsubiri mama kwenye lami na gari yake nzuri yenye AC. Mama akakataa katakata. "Baba yenu hayupo, basi gari lake lifike." Hapo nani angebisha?

Mnajua send-off zetu. Bibi harusi anawalisha wazazi keki mbele ya watu wote. Baba ndiyo hayupo tena. Mama naye asipofika, mdogo wangu atabaki na kipande cha keki mkononi anaangalia mlangoni. Hiyo picha ilinikaa kichwani tangu asubuhi.

Nikapakia viti vya plastiki na kreti za soda. Nafasi ikawa finyu, nikaishusha spea nikaiacha nyumbani.

Najua. Mtanitukana mwisho wa uzi.

Kabla ya kuingia kwenye matope nikachukua kiberiti cha baba, kinakaaga kwenye dashibodi tangu enzi zake. Nikapima tairi zote kama alivyokuwa anapima yeye. Wakuu, nilijisikia raha isiyo na mfano, kama vile mzee kasimama nyuma yangu ananiangalia.

Kona ya kwanza tu, nimekata usukani, gari ikainamia upande mmoja. Tairi la mbele kushoto liko nje ya rimu, linanicheka.

Nikakaa kwenye matope na suti yangu.

Nikaja kuelewa palepale. Rimu za baba zilikuwa na ringi ya chuma iliyofungwa kwa bolti kuzunguka, inabana kingo ya tairi isichomoke hata upepo ukiwa kidogo. Alitengenezewa na rafiki yake fundi Buguruni. Zile rimu zilishaoza kwa kutu, mie nikaweka rimu za kawaida na tairi tubeless, zisizo na mpira wa ndani. Ringi nimetupa, kipimo nimebaki nacho!

Mama akashuka. Kitenge cha sare akakikunja hadi magotini, viatu akaviacha kwenye gari.

"Kamba unayo?"

"Ninayo, mama."

"Spana ndefu?"

"Ipo."

"Sasa unalilia nini, wewe mtoto?"

Kumbe kule Songea, yeye na baba wakiwa wameoana juzijuzi, kabla ya hizo ringi, kazi hii ya kurudisha tairi kwenye rimu walikuwa wanaifanya wawili.

Nikapiga jeki juu ya ubao. Nikasafisha matope yote kwenye kingo, nikapaka povu la sabuni ya mche tuliyoomba nyumba ya jirani. Tukazungusha kamba katikati ya tairi, mama akaingiza spana na kuisokota mpaka tairi likabonyea katikati na kingo zikatanuka kugusa rimu. Akaishikilia kwa mikono yote miwili. Mie nikawasha kipampu cha betri.

Mwanzo upepo unavuja tu. Halafu ukaanza kushika. Mama akalegeza kamba mwenyewe, sikumwambia.

Paa! Upande mmoja umekaa.

Tukasubiri. Mama midomo inamcheza.

Paa!

Mama akapiga kigelegele, peke yake, katikati ya matope ya Bunju. Halafu akaanza kulia. "Baba yako alikuwa hawashi gari mpaka nikipige." Na mie nikalia, sioni aibu kusema.

(Wale wa kumwaga petroli na kuwasha moto ili tairi likae, tafadhali, mna familia.)

Nikaziongezea upepo na zile tairi tatu nyingine, tukaondoka. Tulifika MC kashaishiwa maneno. Mdogo wangu alipomlisha mama keki akaona matope kwenye kucha zake. Akaishika ile mikono, akacheka huku machozi yanaharibu make-up yote. Hakuuliza. Na yeye kakulia nyuma ya gari ileile.

Mama akaomba kipande kingine, akakifunga kwenye tishu. Nikadhani anamwekea mjukuu. Akaenda kukiweka kwenye dashibodi, pembeni ya kiberiti.

Funzo langu wakuu: kipimo cha mzee kilikuwa sahihi kwa rimu za mzee. Ukitaka kutembelea upepo mdogo, weka ringi, na bolti uzikaze kwa kupishana, si kwa kufuatana. Mie ringi zangu zimeshachongwa Buguruni. Na spea haishuki hata kwa ajili ya soda.

Siku hizi napimia geji. Ila kiberiti hakijatoka kwenye dashibodi. Mama akipanda anakitikisa kwanza sikioni, akisikia njiti zinalia ndipo ananiambia twende.

Haya, nitukaneni kuhusu spea. Na wewe, mzee wako alikuachia kipimo gani?