Mama Alipochelewa Kuinuka

Dalili ya kwanza ilionekana kwenye bangili. Ilikuwa bangili ya dhahabu ya mama, aliyoivaa tangu harusi yake, na utoto wangu wote haikuwahi kuvuka kiganja bila sabuni. Siku hiyo alikuwa ananawa mikono kabla ya kula, bangili ikateleza yenyewe ikaangukia kwenye beseni. Tukacheka. Nikamwambia, "Mama, unarudi usichana." Akafurahi kweli, akawa anauzungusha mkono wake na kuutazama. Hakuna aliyejiuliza nyama ya mkono ule ilikuwa imekwenda wapi.

Tunaishi wawili, Mchafukoge, ghorofa ya tatu, juu ya maduka ya vitenge. Mimi ni binti yake mkubwa, mjane, na magoti yangu nayo yameanza kunisema ninapopanda ngazi. Presha ya mama ilipopanda, daktari alimwambia apunguze nyama nyekundu na chumvi. Mama hajui kupunguza. Kwake kitu ama kipo ama hakipo. Aliacha ng'ombe, kisha akaacha kuku, akisema kuku wa siku hizi ni dawa tupu, mwisho akaacha na samaki kwa sababu harufu ilimkera. Presha ikashuka, naye akajiona ameshinda vita.

Basi nikawa namlisha majani. Mchicha, tembele, bamia, wali laini, muhogo wa nazi, na uji asubuhi na jioni. Kunde na dengu nilipika pia, ila zilimjaza gesi, na meno ya nyuma hana, kwa hiyo nilimpakulia mchuzi tu, ule mzito wenye nazi, punje nikazila mimi na wageni. Kwetu mzee hupewa kilaini, na hiyo ndiyo heshima yake. Heshima nyingine ni kumwambia akae. Akishika ufagio ananyang'anywa. Akiinua ndoo, mtu anaruka kumpokea. "Mama, pumzika, umefanya kazi ya kutosha." Akapumzika kweli, kutwa nzima, kwenye kiti kilichoelekea dirishani, akiwasikiliza machinga wakinadi bei kule chini.

Alasiri moja nilikuwa jikoni nachambua tembele. Mlango wa chumba chake ulikuwa wazi, nikamwona amesujudu juu ya mswala, kanga imemfunika mpaka miguuni. Nikaendelea na kazi. Nilipoinua macho tena, alikuwa vilevile. Kwetu mtu aliye kwenye sujudu haitwi wala hasumbuliwi. Tumefundishwa kwamba hapo ndipo mja anapokuwa karibu zaidi na Mola wake, na mama alikuwa na mengi ya kumwomba. Kusema kweli nilijisikia vizuri. Nikapunguza sauti ya redio. Nikapita kwa kunyata kwenda kuanua nguo kibarazani, nikijivunia kuwa na mama mcha Mungu kiasi kile. Niliporudi na nguo kifuani ndipo nilipoona vidole vyake vinakwaruza sakafu.

Hakuwa anaomba dua. Alikuwa ameshindwa kuinuka, na hakuniita kwa sababu kusema kungemvunjia sala. Nilitupa nguo nikamnyanyua kwa makwapa. Alikuwa mwepesi, na wepesi ule ulinitisha kuliko kitu chochote. Mswala ulikuwa umelowa machozi pale uso wake ulipokuwa.

"Umepita," akaniambia. "Nimekusikia unapita."

Nikamfuta uso kwa pindo la kanga yake.

Mdogo wangu wa kiume anakaa Magomeni. Alikuja Ijumaa na vitu viwili, kiti cha plastiki na chupa ya supu ya kongoro. Kiti ni cha kusalia. Supu, akasema, ni ya kurudisha nguvu, maana majani ni chakula cha mbuzi na dada yake anamfuga mama badala ya kumlisha. Tulirushiana maneno pale sebuleni mpaka mama akagonga meza.

"Sala ya kiti inafaa, mama," mdogo wangu akasema, sasa kwa upole.

"Najua inafaa. Lakini mimi nataka kushuka chini, na nataka kuinuka mwenyewe. Nyama sitaki. Mkinipa kingine cha kuniinua, nipeni."

Supu akainywa mdogo wangu mwenyewe.

Kwenye mlango unaotazamana na wetu anakaa mama wa Kihindu, mkubwa kuliko mama yangu, ambaye familia yake imeuza vitambaa mtaa huu tangu sijazaliwa. Nyama hajaionja maishani mwake, hata yai. Anakwenda sokoni Kariakoo mwenyewe, anapandisha kikapu chake mwenyewe, na akisimama kwenye ngazi ni kuwagombeza watu walioacha makubazi njiani. Alisikia kelele zetu, nani asingezisikia, akaja kumjulia hali mgonjwa. Nikamwamkia, akaitikia, akamshika mama mkono. Kisha akaingia jikoni kwangu akafunua sufuria yangu.

"Hii ya mama?"

"Ndiyo."

"Dengu zenyewe ziko wapi?"

"Nimezichuja, mama. Zinamsumbua tumbo."

"Kwa hiyo yeye anakunywa maji, wewe unakula dengu." Akarudisha kifuniko. "Mimi nyama sili, lakini chakula nakula. Mwenzangu mmemwachia nini?"

Nilikasirika. Mtu kaingia kwako, kafunua chungu chako, kakusema. Nilitaka kumwambia akapike kwake. Lakini nilikumbuka wepesi wa mama mikononi mwangu, hasira ikaniishia palepale, nikabaki na aibu na mwiko mkononi.

Alinifundisha siku ileile. Dengu zilowekwe tangu jana yake, maji yamwagwe, zichemshwe na tangawizi na mvuje kidogo, ule ule mvuje ambao sisi tuliujua kwa kuwafungia watoto wasipatwe na jicho, halafu zipondwe mpaka zisihitaji meno. Karanga zisagwe ziingie kwenye uji. Mtindi mchana. Choroko, kunde, mbaazi, zote zipondwe, ziliwe zenyewe na si mchuzi wake. Tulipompeleka mama kliniki, walimpima figo wakasema zipo salama, ale hivyo. Ila mtaalamu wa viungo akatuambia chakula peke yake hakitamwinua, misuli inataka kazi. Mama awe anakaa na kusimama kitini bila kushikwa, mara kwa mara, na tuache kumpokea kila kitu. Mdogo wangu alinitazama, nami nikamtazama. Hapo hatukuwa na wa kumlaumu mwenzake.

Sitaki kudanganya kwamba mambo yamenyooka. Nguvu inayopotea kwa mwezi hairudi kwa mwezi. Bangili bado inampwaya, ingali kabatini. Mama anazila dengu huku akilalamika, anafagia chumba chake polepole mpaka natamani kulia, nami nimejifunza kukaa na mikono mapajani. Kuna siku anaweka mkono kwenye ukingo wa kitanda na kuinuka peke yake, kisha ananitazama kama mtoto aliyefaulu mtihani. Kuna siku anashindwa. Tulikubaliana akishindwa agonge sakafu kwa kiganja, nami nije.

Juzi alasiri alisujudu, akakawia. Nilikuwa mlangoni, maana siku hizi akisali mimi sina kazi nyingine. Hakugonga. Nikangoja. Nikatazama vidole vyake, vilikuwa vimetulia. Nikajiambia anaomba, mwache. Lakini hivyo ndivyo nilivyojiambia siku ile. Moyo ukanishinda, nikaingia, nikapiga magoti nikamshika makwapa nikamvuta juu.

"Wewe, vipi!" akasema kwa ukali. Sala ikawa imevunjika. Mikononi mwangu nilimsikia mzito kidogo, kweli si kama siku ile, na alikuwa amekaa wima bila msaada wangu.

"Nilidhani umeshindwa, mama."

"Sijashindwa. Nilikuwa naomba." Akatengeneza shungi lake. "Yangu nimeshamwambia Mungu, ameyasikia. Leo nilikuwa nakuombea magoti yako. Utakapofika hapa nilipo, nani atakuwepo mlangoni?"

Sina mtoto, naye anajua. Nilitaka kuinuka nitoke nje asinione uso, nikajikuta nimeegemea kitanda kwa mkono kabla ya kusimama. Mama aliuona ule mkono. Akaweka kiganja chake ukingoni pale pale kando ya changu, akasimama, akaelekea kibla, akaanza sala yake upya.