Tarumbeta Yangu Ililia Juu ya Mawe, Mimi Nikiwa Jikoni

Nilikuwa nimechuchumaa jikoni kwetu, nyuma ya gunia la mkaa, na wakati huohuo tarumbeta yangu ilikuwa inalia kule juu ya mawe.

Mtaa mzima ulijua ni mimi ninayepiga.

Watu wawili waliokuwa chumbani kwa baba nao walijua ni mimi. Ndiyo maana hawakuwa na haraka.

Ngoja nianze mwanzo, maana nikianzia hapo mtasema natunga.

Naitwa Kija. Haya yalinikuta mwaka tisini na tano, Mwanza, Mkuyuni. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili.

Baba yangu, mzee Chenge, alikuwa fundi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Biashara huria ilipoingia, wanunuzi binafsi wakajaa kila kona, kiwanda kikayumba, watu wakapunguzwa kazi. Baba alikuwa kwenye kundi la kwanza.

Alibaki na nyumba ya vyumba vinne aliyoijenga kwa mikono yake, na tarumbeta.

Alikuwa amepiga kwenye bendi ya parokia tangu kijana. Alitaka kumfundisha kaka yangu Nestory, Nestory akasema mdomo unamuuma. Akanifundisha mimi.

Haukupita mwaka, kiharusi kikampiga. Mkono wa kulia ukafa, mguu wa kulia ukafa, ulimi ukafunga. Masikio yakabaki mazima kabisa.

Hilo la masikio msilisahau.

Mama alikuwa ameshatutoka. Nestory alikuwa ng'ambo, alivuka kwa kivuko cha Busisi akaenda Geita kuchimba dhahabu, na salamu zake zilikuja kwa nadra. Kumwogesha baba ni mimi, kumlisha ni mimi, kumgeuza ubavu ni mimi.

Chumba cha pembeni tulimpangisha Teodora, muuza mitumba, mcheshi, mwepesi wa kusaidia. Nilimwita dada Teo. Yeye aliniita mdogo wangu. Siku baba akiwa mzito kuinuka, kabla sijaita, dada Teo alikuwa ameshaingia.

Sasa, mwalimu Pius aliyeongoza bendi akaniambia nafasi ya baba bado iko wazi. Nikiweza nyimbo zote za kipaimara bila kukwama, ni yangu. Harusi pia zilikuwa zinaiita bendi ile, kwa hiyo nafasi ile ndiyo ingetuwekea ugali mezani.

Wapo waliocheka. Msichana na tarumbeta wapi na wapi.

Nikaanza mazoezi uani kwetu, kila jioni.

Wiki ya pili dada Teo akanivuta pembeni. Akaniambia kwa upole kabisa kwamba majirani wanalalamika. Huyu ana mtoto mchanga, yule kichwa kinamgonga, na wote wamemtuma yeye kwa kuwa wananionea aibu.

Nikamuuliza ni akina nani hao.

"Ukijua majina utagombana na watu bure, mdogo wangu. Halafu hata mzee zile kelele zinamchosha. Ni vile tu hawezi kusema."

Ya majirani ningeyavumilia. Hilo la baba lilinikata maini.

Na dada Teo hakuniacha hivihivi. Alinitafutia mahali.

Ukipita nyumba za mwisho, ukapanda, kuna jiwe limesimama kama ukuta. Nyuma yake kuna sehemu tambarare ya kutosha watu wawili, na ziwa lote linakutazama. Ukipigia pale sauti nyingi inakwenda majini, nyumbani inafika kidogo tu, laini. Akasema yeye atakaa na baba kuanzia saa kumi mpaka saa kumi na moja na nusu, kila siku, bila kudai hata shukrani.

"Ila upige kwa nguvu," akaniambia. "Nikikusikia, najua uko salama huko."

Jamani, siku ile nilimkaangia sangara yule dada.

Na niseme ukweli, nilipapenda pale. Saa moja na nusu nzima hakuna anayekohoa, hakuna wa kumgeuza. Mimi, upepo na mitumbwi kwa mbali. Midomo ilikuwa inavimba na bado sitaki kushuka.

Baada ya wiki tatu baba akaanza vituko.

Tarumbeta ina kile kipande cha mbele cha kupulizia. Sisi tulikiita kinywa. Bila kinywa hupigi kitu. Ikifika saa kumi kasoro, nikitaka kuondoka, kinywa hakionekani. Natafuta kitandani, natafuta chini ya mto. Nakikuta kwenye kiganja chake cha kushoto, amekifumba kwa nguvu zote alizobakiwa nazo.

Nikajisemea, kumbe ni kweli, kelele zinamchosha. Hata za mbali.

Siku ya tatu nilimfokea. Nilimfungua vidole kimoja kimoja, baba yangu mzazi, nikamwambia asinifanyie utoto, hii ndiyo kazi itakayomlisha. Machozi yakamtoka jicho moja.

Nikaenda kupiga.

Kituko cha pili. Nikirudi jioni namkuta ameukalia ule mkono wake uliokufa. Nauvuta nje, umepoa kama samaki, nausugua mpaka damu irudi. Namwambia baba utauharibu huu mkono. Kesho yake ameukalia tena.

Dada Teo akasema ndivyo wagonjwa wa kiharusi walivyo, akili zinakuja na kuondoka.

Nilimwamini. Nani angeacha kumwamini?

Siku moja namwogesha, nikaona dole gumba lake la kulia lina rangi ya zambarau. Nikasugua kwa sabuni, haitoki. Nikamuuliza dada Teo, akacheka, akasema mzee alichezea bulu yake ya kufulia.

Bulu naijua. Bulu ya kufulia ni bulu, na ukiweka maji inaondoka.

Mimi si mtu wa kurukia mambo. Nikiona kitu nakiacha kwanza kikae.

Kesho yake asubuhi nikaenda kununua mapanki, yale mabaki ya sangara yanayotoka viwandani. Muuzaji alikuwa mama Bernadeta, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwenye mjukuu mchanga. Nikamwamkia, akaitikia, akanitazama kama mtu mwenye dukuduku.

"Kija, sisi tumekukosea nini?"

Nikamwambia hamjanikosea kitu, mama.

"Sasa mbona umetuhamishia muziki kule juu? Huyu mtoto alikuwa halali mpaka akusikie. Sasa hivi jioni ananitoa roho."

Nikamuuliza taratibu kama hawakuwa wamemtuma mtu aje kulalamika.

Akashika kiuno. Akasema kama angekuwa na malalamiko ana mdomo wake mwenyewe, na mtaa mzima unaujua.

Nikazunguka nyumba zote tano za karibu nasi. Sikuuliza moja kwa moja, nilisalimia tu, nikaomba radhi kwa kelele za zamani. Kila mmoja alishangaa. Wengine walisema jioni walikuwa wanaleta vigoda nje kwa ajili yangu.

Hakuna aliyelalamika. Hata mmoja.

Basi nikakaa na hilo swali siku mbili. Kama hakuna aliyelalamika, kwa nini niondolewe nyumbani saa moja na nusu kila siku? Na kwa nini nipige kwa nguvu?

Jibu lilinijia nikiwa nakoroga uji. Tarumbeta ikilia kule, mtu aliyeko nyumbani kwetu anajua Kija yuko kule. Ikinyamaza, anajua Kija anashuka.

Nilikuwa ninapiga kengele ya ulinzi kwa ajili ya mwizi wangu mwenyewe.

Nikamfuata Odeta, rafiki yangu aliyekuwa anajifunza tarumbeta kwa mwalimu Pius. Alikuwa bado mwanafunzi kwelikweli. Akifika sauti za juu, tarumbeta inalia kama mbuzi aliyekanyagwa mguu. Nikampa tarumbeta yangu, nikamwambia apande kwenye jiwe langu, apige nyimbo zangu, asipumzike hata akitapika.

"Wakigundua si wewe?" akaniuliza.

Nikamwambia wale hawajui muziki.

Kisha nikamweleza mama Bernadeta. Huyo sikumwomba kitu. Alijipanga mwenyewe.

Saa kumi niliaga kama kawaida, nimekumbatia mfuko uliojaa magunzi badala ya tarumbeta. Kinywa kilikuwa kwenye kiganja cha baba tena. Safari hii sikumnyang'anya. Nilimpigia magoti, nikamwambia sikioni abaki nacho, nina kingine. Kweli, mwalimu Pius alikuwa amemwazima Odeta cha kwake. Baba akanikazia macho.

Nikazunguka kwa nyuma, nikaingia jikoni. Ukuta wa jiko letu ulikuwa wa mabanzi, na dirisha la baba lilitazamana nao hatua tatu tu.

Odeta akaanza kule juu. Wimbo wa kwanza, sawa. Wa pili, akafika pale juu. Mbuzi akakanyagwa.

Nikaona kupitia mabanzi. Baba aligeuza kichwa kuelekea mlimani. Akasikiliza. Kisha upande wa mdomo wake uliobaki mzima ukapanda juu, taratibu.

Baba alikuwa anacheka.

Alinifundisha yeye. Alijua huyo si Kija. Na kama si Kija, basi Kija yuko karibu.

Haikupita muda geti la nyuma likalia. Wakaingia wawili, dada Teo mbele, mwanamume nyuma yake, buti za machimboni miguuni. Mwanamume akasema, "Leo mbona anapiga kama ana pumu?"

Ile sauti niliijua.

Nestory. Kaka yangu, tumbo moja, niliyekuwa namwombea kila usiku asifukiwe na kifusi huko Geita.

"Amechoka," dada Teo akamjibu. "We fanya haraka, leo shika mkono, mimi nashika mwili. Juzi alitikisa, karatasi ikachafuka."

Baba alikuwa ameukalia mkono.

Wakamwinua. Nestory akauvuta ule mkono uliokufa, dada Teo akafungua kile kidude cha wino wa mhuri. Baba akawa anawapiga kwa mkono wa kushoto, na katika kuwapiga kinywa cha tarumbeta kikamtoka kiganjani, kikaanguka sakafuni, kikabiringika mpaka mlangoni.

Mguuni kwangu. Nilikuwa nimeshafika.

Nikainama nikakiokota.

Dada Teo akatazama dirishani, kule tarumbeta ilikokuwa bado inalia. Akanitazama mimi. Akatazama tena dirishani. Sijawahi kuona mtu akikosa rangi vile.

Nikanyoosha mkono, Nestory akanipa karatasi bila kujua anafanya nini. Nimeishia darasa la saba lakini kusoma nasoma. Ilisema mzee Chenge, kwa hiari yake na akili timamu, anauza nyumba yake kwa mfanyabiashara wa samaki anayetaka kujenga stoo. Shahidi wa kwanza, Nestory, mwanawe. Shahidi wa pili, Teodora, jirani.

Palibaki nafasi moja tupu. Ya dole gumba.

"Kija, elewa," Nestory akasema. "Shimo langu linahitaji mashine tu. Nikipata mashine nawajengea nyumba ya ghorofa. Mimi ndiye mtoto wa kiume."

Nikamuuliza baba angelala wapi wakati anasubiri hiyo ghorofa.

Kabla hajafungua mdomo, uani pakawa na vishindo. Mama Bernadeta aliingia na mjukuu mgongoni, nyuma yake watu wa zile nyumba tano, kila mmoja na kigoda chake.

"Hodi hapa," akasema. "Tumekuja kulalamika. Tuliambiwa tuna malalamiko, tukaona tuyalete wenyewe."

Sikupiga mtu na hakupigwa mtu. Nilichana ile karatasi, nikaitia jikoni kwenye mkaa. Nestory aliondoka kwa mlango alioingilia. Ukweli wote wakautoa majirani kidogo kidogo baadaye: alikuwa amerudi Mwanza tangu miezi mitatu nyuma, anaishi Buhongwa, na Teodora alikuwa mwanamke wake. Nestory ndiye aliyemtuma apange chumba kwetu, makusudi.

Miezi mitatu, na hakuwahi kuja kumwamkia baba ila kwa wino.

Mnadhani hilo ndilo lililoniuma zaidi. Hapana.

Teodora alipokuwa anafunga marobota yake, nilisimama mlangoni kwake. Nilitaka tu aniambie kwa nini, nilimpenda kama dada.

Akakaza kamba, akaniambia bila hata kupandisha sauti.

"Nilikudanganya, sawa. Lakini kwenda huko juu sikukuburuza, Kija. Nilipokwambia uende, ulikuwa na haraka mpaka unavaa kandambili mguu mmoja. Mzee alikuambia kila siku. Nani hakumsikia?"

Akabeba robota kichwani, akaondoka.

 

Jioni ile nilikaa chini karibu na kitanda cha baba. Nikausugua ule mkono, nikalisugua lile dole gumba mpaka likawa jekundu. Nilimwomba msamaha, nikamrudishia kinywa kiganjani. Alinigusa nacho kichwani, mara mbili, kama alivyokuwa ananigonga utotoni nikikosea. Halafu akanipa.

Odeta alikuwa ameshairudisha tarumbeta, nikapigia palepale, chumbani, kwa nguvu zote.

Nafasi ya bendi niliipata. Baba aliishi miaka minne mingine, ndani ya nyumba yake. Nestory alikuja kwenye maziko akasimama mbali, kwenye kivuli cha ukuta, na mimi nilikuwa napiga tarumbeta, kwa hiyo sikuweza kumsalimia. Sijui kama ningemsalimia.

Nililojifunza ni hili. Mtu akikwambia watu wanalalamika, mwombe jina la mmoja tu, kisha wewe mwenyewe nenda ukamwamkie.

Na kama una mgonjwa asiyesema nyumbani, akikuficha kitu, kabla hujamfungua vidole, kaa chini kwanza. Anaweza kuwa anakushika wewe usiondoke.