Mama Abby Hayuko Kwenye Sistimu

Mimi nauza chakula cha kuku hapa Kiamunyi, mlango wangu umepakana na wa Wariara, na kama unataka hadithi ya upole nenda duka lingine. Wariara hutotoa vifaranga kwa mashine na kuwauza mtandaoni. Tangu azae kifungua mimba wake, hakuna anayemwita Wariara isipokuwa mimi na mama yake. Ni Mama Abby, basi. Kwa hivyo ukurasa wake aliuita Mama Abby Kuku, na jina hilo likafika Subukia, Molo, hadi Kuresoi, kwa watu ambao hawajawahi kumwona hata uso. Unaagiza, unalipa, boksi linapakiwa kwenye matatu asubuhi, na kufikia jioni vifaranga wako kwako wakilia. Hajawahi kumdanganya mtu.

Mwaka jana akatokea mwizi. Alichukua picha zake zote, hata ile niliyoinama nikipanga magunia, akafungua Mama Abby Kuku yake na kuanza kula pesa za watu. Kwa hivyo serikali ilipotangaza kwamba inaandaa kanuni za biashara ya mtandaoni, na wananchi waje kutoa maoni, Wariara alifunga duka tukaenda. Tulipewa soda na mkate. Tukaambiwa kanuni zitamlinda mwananchi na papo hapo zikuze biashara. Wariara akasimama.

"Kila mtu auze kwa jina iko kwa kitambulisho," akasema. "Tujuane!"

Ukumbi mzima ulipiga makofi.

Kanuni zikaja hivyo hivyo alivyotaka, naye akawa wa kwanza kujisajili. Ukurasa ukageuka jina ukawa Lucy Wariara Ndung'u. Haya, niambie, Lucy ni nani? Wateja wake hawamjui Lucy! Tena redioni walikuwa wameimbiwa kutwa kwamba ukiona ukurasa umebadilisha jina ghafla, ujue umeibiwa, ripoti. Wakaripoti. Jamani, waliripoti kwa bidii ambayo hawajawahi kuwa nayo kwa jambo lolote. "Rudisha page ya Mama Abby, mwizi wewe!" Wengine walimtukana matusi siwezi kuyarudia mbele ya kuku.

Na yule mwizi? Hakujisajili, kwa hivyo jina lake halikuguswa. Akaandika, bila haya hata kidogo: "Wateja wangu wapendwa, page yangu ya zamani na laini yangu zimeibiwa na mtu anaitwa Lucy. Tumieni hii." Wakamwombea Mungu amtie nguvu.

Tulienda ofisi ya usajili. Kijana pale alikuwa na adabu, siwezi kumsingizia. Alitazama kompyuta yake, akatikisa kichwa.

"Mathe, page yako imesimamishwa. Wananchi wamelalamika sana. Tunachunguza."

"Na huyo mwizi?" Wariara akauliza.

"Huyo hayuko kwa sistimu. Hatuwezi kufungia mtu hajajisajili."

"Basi mnipatie jina yangu. Andika Mama Abby."

"Mama Abby pia hayuko kwa sistimu."

Nilitaka kumrushia kiti. Wariara alinishika mkono tukatoka.

Na vifaranga je? Kifaranga si shati, huwezi kumtundika ukutani ungoje uchunguzi uishe. Walikuwa wameshaanguliwa, wamejaa mpaka sebuleni, wanakula na kukua, na kila siku wanapokua hakuna anayewataka kwa bei ya vifaranga. Tumaini lilikuwa moja tu, Jepleting wa Kuresoi, ambaye hununulia chama chake cha akina mama. Oda yake peke yake ingeokoa kundi lile lote. Ikikosekana, Wariara anauza mashine, biashara imekwisha. Miaka yote walikuwa wakiandikiana tu, hawajawahi kusikiana sauti. Kwa kuwa ukurasa ulikuwa umefungwa, nikamwambia apige simu. Mtu akisikia sauti ya mwenzake, nilisema, ataelewa.

Akaweka spika ili nami nisikie.

"Jepleting, ni mimi Mama Abby. Vifaranga wenu wako tayari."

Kisha sauti ya mwanamke mtulivu, mtu mzima. "Pesa ya chama tulituma jana kwa Mama Abby."

"Uuuwi! Huyo ni mwizi, mama. Mimi ndiye Mama Abby! Uliza chochote. Mwaka jana boksi lililoanguka Molo, si mimi nilikutumia wengine?" Akaanza kulia, Wariara ambaye sijawahi kumwona akilia, machozi yakidondokea ile simu.

"Wewe ni Lucy," Jepleting akasema, bila hasira yoyote. "Mama Abby alituonya utapiga. Alisema hata utalia."

Akakata.