Maji ya Ziwa Ndani ya Mawe ya Bahari

Sijamsamehe yule muzungu na sitaki kuambiwa nimsamehe. Mama mkwe ameshaniambia, mchungaji ameshaniambia, na hakuna kati yao aliyewahi kukaa kwenye kile kiti.

Kiti kilikuwa katika nyumba ya mabati juu ya ufuko wa ziwa, hapa Nchelenge, mbele ya mikroskopi. Muzungu alikuwa fundi wa miamba. Alitokea upande wa Kongo, ndiyo maana alisema nasi Kiswahili cha kule na hakujisumbua na Kibemba chetu. Mawe ya chokaa aliyaleta kwa mashua kutoka vilima vya ng'ambo. Alitueleza kwamba yalikuwa tope la bahari, zamani sana, kabla hajakuwapo hata samaki mmoja, na kwamba huenda ndani yake mna viumbe vilivyogeuka jiwe, vidogo hata jicho halivioni. Jiwe linavunjwa, linalowekwa kwenye asidi siku kadhaa, chokaa inayeyuka, na yanabaki mashapo yasiyojaza kijiko. Mashapo yanaoshwa na kukaushwa. Halafu mutu anakaa na kuchagua chembe mojamoja kwa ncha ya brashi iliyolowa mate.

Huyo mutu nilikuwa mimi. Nilisoma sekondari ya misheni, nachora vizuri, na nilipata kazi kabla tumbo halijaonekana. Mutoto alipozaliwa nikarudi naye mgongoni. Nilimnyonyesha jicho likiwa kwenye mikroskopi na brashi haikukosa chembe.

Maji ya kuoshea nilichagua mwenyewe: ya mvua, yamechemshwa, yamechujwa kwa kitambaa mara mbili. Kila mwanamke wa ufukweni angefanya hivyo. Ukiacha maji ya ziwa kwenye beseni mpaka asubuhi, chini utaona nukta zinatembea, kila moja ina magamba mawili yanayofungana kama ganda la kunde. Mutoto mchanga hapewi maji yale bila kuchujwa.

Mvua zilipokuwa zinaisha, nikaviona. Vidonge vyeusi vya mviringo, miba mifupi pande zote, vinafanana kama ndugu wa tumbo moja. Kwanza jiwe moja, halafu la pili, halafu la tatu. Nikaita.

"Patroni, njoo uone. Hii haiko vumbi."

Aliinama, akatazama muda wa kupiga chafya. "Ni masizi ya taa, mama. Tupa."

"Masizi inaota miba?"

"Mimi ndiye najua mawe. Weye unajua brashi."

Hapo mutoto akalia. Muzungu akanyoosha kidole mlangoni. "Na hapa ni kwa kazi, haiko kwa kulea batoto. Kesho usije naye."

"Nimuache kwa nani? Kwa mamba?"

"Basi na weye ubaki nyumbani."

Sikutupa kitu. Nilivibandika vidonge kwenye kipande cha kioo, nikaandika namba za mawe, nikaweka kioo katika sanduku la muzungu, nikatoka. Nilitaka jambo moja tu: itambulike kwamba vile ni viumbe, na ijulikane nani aliyeviona.

Kiti changu akapewa karani wake, baba mwenye suruali iliyonyooshwa hata siku za kazi ya matope. Wiki ileile, nikiwa nafua, nikamwona anachota ziwani kwa ndoo.

"Baba karani, hayo ni ya kuoshea mashapo?"

"Ndiyo, mama. Kwani ziwa limekukosea nini?"

"Yana wadudu."

"Wadudu wamo kichwani mwako. Maji ni maji!"

Akapanda na ndoo yake, anapiga mluzi. Ningeweza kumfuata na kumwambia bwana wake. Nikasuuza kitenge, nikakikamua, nikaenda nyumbani.

Haukupita mwezi, muzungu mwenyewe akasimama uani kwetu, kofia mkononi, anacheka kama mutu aliyeoa.

"Mama, tumepata! Magamba mawili, mazuri, mazima kabisa! Hakuna mutu duniani anajua hiki kinyama. Njoo uchore. Hata na mutoto."

Nilikwenda. Nikainamia mikroskopi, na walikuwa wale wadudu wa beseni langu. Mmoja alikuwa bado na mguu, na mguu una nywele.

"Patroni, una hakika ni wa zamani?" Niliuliza mara moja. Mlango huo nilimfungulia.

"Chora, mama."

Nikachora. Kila gamba, kila kiungo, kila unywele wa ule mguu. Sijawahi kuchora vizuri vile. Sikudanganya hata mstari mmoja. Yeye akaandika jina lake chini na kupeleka posta, kwa wataalamu wa Ulaya.

Jibu lilifika kiangazi. Karani alilisoma kabla ya kufukuzwa kazi, akaja kunieleza. Wataalamu walisifu michoro: ni safi hata mwanafunzi angeona kwamba wanyama hawa wamekufa mwaka huu. Waliuliza maji yalitoka wapi. Kwa karani naona haya kidogo. Kidogo tu.

Muzungu aliniita. Alikuwa anafunga masanduku.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukanyamaza?"

"Uliniita kuchora. Hukuniita kusema."

Alikaa kwenye kiti changu. Nikaona hiyo ndiyo saa yangu, nikamwambia awapelekee wataalamu sasa vile vyeusi vya miba, vilivyooshwa kwa maji yangu. Alinitazama bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma.

"Nani ataangalia, mama? Kitu chochote kikitoka kwa hii nyumba, batasema ni uchafu ya ziwa."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilipomzika nilizika na vyangu. Lori liliondoka kesho yake na masanduku yote, na kioo changu kimo. Mpaka leo sijui vilikuwa mayai, mbegu au wanyama, na sijui kama kuna mutu atakayewahi kuvitazama tena.

Watu wanadhani nitasema najuta. Ule mguu ningeuchora tena, na nywele zake zote. Ila kabla ya kushika kalamu, ningekwenda kwenye lile sanduku, nikatoa kioo changu, nikatoka nacho mchana kweupe mbele ya muzungu na karani wake.