Kitufe cha Nne

Katika ukumbi wetu wa michezo ya video hapa Nagoya, fundi wa viyoyozi hafuti jasho lake kabla hajapangusa vitufe vya mashine. Katika mchezo wetu wa mapigano ya katuni, yeye hucheza toleo la pili tu. La tano hatujawahi kumwona akiligusa. "La pili ukibanwa, umebanwa," hufoka. "Hilo lenu lina kitufe cha kujinasua, kama mnacheza na mama zenu!"

Jumamosi Shiori, bingwa wa la tano, aliketi ng'ambo ya ile mashine ya zamani ya toleo la pili, wakitenganishwa na skrini. "Leo nakustaafisha, mzee. Atakayeshindwa asilitukane tena toleo la mwenzake."

"Kaa. Ukilia usiniite."

Raundi ya mwisho Shiori alimbana kwenye kona. Sisi watazamaji tukasogea nyuma ya fundi. Ghafla kidole cha fundi kikagonga kitufe cha nne, mara mbili, upesi, bila kutafuta. Katika toleo la pili kitufe hicho hakina kazi. Mpiganaji wake akaanguka. Sote tuliujua ugongaji ule: ndivyo watu wanavyojinasua kwenye la tano.

Shiori naye aliusikia; akachungulia pembeni ya mashine. "Mzee, la tano huwa unalichezea wapi?"

Fundi akatoa kitambaa, akakipangusa kitufe cha nne, hicho kimoja tu, kwa muda mrefu.