Kochi la Mfanyakazi Hodari

Juzi pale Keko nilimwona fundi akilifunga kochi kwa nailoni, na harufu ya vanishi ikanirudisha sebuleni kwetu Temeke, alasiri ile ya Mei Mosi.

Baba alikuwa karani wa serikali. Siku hiyo walimpa tuzo ya mfanyakazi hodari, na zawadi yake ikaletwa nyumbani kwa kigari cha mizigo, kirikuu: kochi la watu watatu, likiwa bado kwenye nailoni. Sasa, baba yetu hakuturuhusu sisi watoto kugusa hata kalamu iliyotoka ofisini. "Mali ya serikali hiyo!" Na kochi lilitoka wapi? Serikalini. Mie nikajua tumeletewa tulilinde.

Baadaye kidogo bosi wake alikuja kumpongeza. Alikuwa mzee mnene mwenye suti, na alipokaa tu, nailoni ikapiga kelele nyumba nzima.

"Shikamoo, mzee," nilisema. "Naomba uinuke. Hiyo mali ya serikali."

"Marahaba," alijibu, akainuka kweli.

Mama alitamani ardhi ipasuke immeze. Bosi akamtazama baba, akisubiri anikaripie. Baba alikohoa, akatazama kochi, kisha akatandika mkeka.

"Karibu hapa, mkuu. Hapa kuna upepo."

Bosi alicheka mpaka soda aliyoletewa ikampalia.

Siku hizi najua kochi lilikuwa letu. Baba ameshastaafu. Nikiwa palepale kwa fundi nilimpigia simu, nikamwambia nataka kumnunulia kochi jipya.

"La nini?" aliniuliza. "Lile hata halijakaliwa."