Nyota ya Gidioni Darini

Mwaka tisini na sita Gidioni alirudi Machame kutoka chuoni Ulaya, kifua kimembana. Profesa wake alimtumia hesabu kwa faksi, karatasi laini zinazojikunja zenyewe. Mchoro wa hesabu hizo usipomfikia profesa Ijumaa, nafasi yake angepewa mwingine.

Mkewe Eunike alimsomea namba huku akimnyonyesha mtoto wao Kindness, naye Gidioni kitandani akitia nukta kwenye mchoro.

"Hizi ni za nini hasa, Baba Kindness?"

"Za nyota. Ndogo, nzito, inazunguka. Inainyonya nyota jirani yake, na inachokivuta kikiiangukia kinawaka. Kila ikijizungusha, mwanga unapiga kama moyo."

"Na huyo jirani hapigi kelele?"

Gidioni alicheka mpaka akakohoa. "Ungedhani ikimeza zaidi, iking'aa zaidi, mapigo nayo yatazidi. Hii naiona kinyume. Inavyong'aa ndivyo mapigo yanavyofifia, kama yanazama kwenye mwanga wenyewe. Ila siku zake za mng'ao mkubwa ziko karatasi ya mwisho. Hapo ndipo penye jibu."

Jumanne Eunike aliona njia ya mchwa ukutani, shubiri moja kutoka kwenye karatasi. Hakungoja. Alizipandisha darini juu ya mafiga, pale moshi unapolinda mbegu za mahindi na vyeti vya ubatizo vya ukoo mzima. Kisha akachochea moto, akapika mtori, supu ya ndizi ya mgonjwa, asubuhi na jioni.

Alhamisi alizishusha. Zilikuwa nyeusi. Alifuta kwa kanga, hayakuwa masizi.

"Uliziweka wapi, Mama Kindness?"

"Darini. Mchwa walikuwa..."

"Zile hazina wino. Zinaandikwa kwa joto. Moto wa mafiga umeziandika nyeusi zote." Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomuumiza Eunike.

"Tuombe nyingine."

"Profesa yuko safarini mpaka kesho. Kesho ndiyo Ijumaa." Akageukia ukutani. "Hata mama yangu angeziweka huko huko."

Eunike alizikunjua moja moja mlangoni. Ndani kabisa ya karatasi ya mwisho, palipojikunja, palibaki ukanda mweupe wa upana wa vidole viwili. Mistari sita.

Akaketi kando ya kitanda, mtoto mgongoni, akasoma namba zilizobaki. Gidioni hakugeuka. Akaurudia mstari wa kwanza, polepole, kisha akaurudia tena, mpaka mkono wa mumewe ukatoka ndani ya blanketi, ukaanza kupapasa ukitafuta penseli.